Sahani Zilizotobolewa

Picha ya kwanza aliyonionyesha mjukuu wangu ilikuwa ya maiti. Tulikuwa uani kwetu Mikumi, ungo wa mchele katikati yetu, tunatoa chuya na mawe, naye akanisogezea kitabu chake cha chuo akasema, "Bibi, huyu alikuwa mfalme wa Misri." Nikatazama. Mtu mkavu kama samaki wa kubanikwa, midomo imerudi nyuma, meno yako nje, nywele bado zipo kichwani. Kalazwa kwenye sanduku la kioo. Watu wazima wamesimama wanamtazama, na mmoja kampandisha mtoto begani ili naye aone vizuri.

Nikamwambia afunge hicho kitabu, kuna chakula hapa.

"Bibi, huyo amekufa zamani sana."

"Kwa hiyo ndiyo amekufa zaidi? Walipomzika aliomba aje atazamwe?"

Akacheka. Sikuwa nimesema jambo la kuchekesha. Lakini mjukuu kwa bibi ni mtani, nikamwacha.

Huyu ni mtoto wa binti yangu, anasoma chuo kikuu Dar es Salaam. Tulipopata habari kwamba amechaguliwa, mimi moyoni nilijua atakuwa nesi au mwalimu. Alipokuja likizo ya kwanza ndipo nikauliza anasomea nini, akasema akiolojia. Nikauliza ndiyo kitu gani. Akasema ni kuchimba chini kutafuta vitu vya watu wa kale, ili tujue waliishi vipi. Mimi niliishia darasa la tatu, nikatolewa shule kwenda kulea. Lakini kuchimba nakujua. Nimechimba maisha yangu yote, mashimo ya migomba, mashimo ya choo, na hakuna aliyenipa cheti.

Mwalimu wao alikuwa amewaambia kwamba mtu asiyeweza kumweleza bibi yake somo, somo hilo hajalielewa. Basi likizo nzima bibi nikawa mimi. Nikimenya ndizi, somo. Nikianika mihogo, somo. Alinionyesha askari wa udongo wa kule China, wamezikwa wamesimama wamlinde mfalme wao aliyekufa. Nikamwambia bora hao, wengine wangezikwa wazima. Akasema, "Bibi, wengine walizikwa wazima kweli." Nikatema mate pembeni.

Alinionyesha kuta za mawe za Zimbabwe, mawe yamepangwa bila saruji na bado yamesimama. Hizo nilizipenda, sikuficha. Akanionyesha mji wa Ulaya uliofunikwa na majivu ya mlima, watu wakafia humo, na mkate ukabaki tanurini mpaka leo, mweusi, umekatwa vipande kama keki. Ule mkate niliutazama sana. Yupo mwanamke aliyeukanda. Alijua utaiva saa ngapi. Kisha mjukuu akafungua ukurasa wa pili, kuna mbwa aliyekufa amejikunja na mnyororo shingoni, nikamwambia funga.

"Na hapa kwetu je?" nikauliza siku moja. "Au wa kale walikuwa huko kwao tu?"

"Wapo, bibi. Ukienda Iringa tu hapo kuna mawe yaliyochongwa na watu wa kale kuliko hao wote. Hata wewe unapolima na kukuta kigae cha chungu, hicho ni kitabu."

"Hicho ni chungu kilichovunjika."

"Sisi kazi yetu kubwa si dhahabu, bibi. Ni majalala. Mtu anaweza kudanganya anachosema, lakini alichotupa jalalani hakidanganyi. Mifupa aliyoguguna, mbegu, majivu. Hata vyoo tunachimba."

Hapo niliweka ungo chini. Yaani mtoto wa binti yangu, nimemlea kwa uji wa ulezi na karanga, anakwenda chuo kikuu kuchimba vyoo vya watu. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, ukitoka huko usinishikie sufuria."

Jambo moja tu alilisema ambalo lilinikaa moyoni. Alisema kitu kilichozikwa kinasema kwa sababu ya mahali kilipo. Kiko juu ya nini, chini ya nini, kimeelekea wapi, karibu yake kuna nini. Mtu akikiokota akakitia mfukoni, hata kiwe kizuri namna gani, kinakuwa bubu. Niliona ni maneno ya maana, ingawa sikumwambia.

Mdogo wangu wa kiume alikuja katika siku hizo hizo.

Nimeweka neno mdogo kwa sababu ndivyo alivyo, lakini ni mzee sasa, mvi kichwa kizima. Anakaa upande wa Kilosa, karibu na shamba la zamani la mkonge tulikozaliwa, analima mpunga na mahindi. Alishuka kwenye basi na mfuko wa salfeti kwapani, anautunza kama kuku aliyetaga. Akasalimia, "Shikamoo dada." Marahaba. Mjukuu akamwamkia, akajibu, "Marahaba mchumba wangu," akaketi. Maji hakutaka. Chakula hakutaka. Akatazama mlangoni kama kuna mtu anasikiliza.

"Dada, tumepata mali ya Mjerumani."

Kama hutoki kwetu nitakueleza. Huku Kilosa Wajerumani walikuwepo, walijenga boma, walipitisha reli. Walipopigwa vita wakaondoka. Sasa watu wameingiwa na imani kwamba walizika dhahabu na rupia wakiondoka, wakaacha alama ili wajukuu wao warudi kuchukua. Jiwe lenye mkwaruzo, alama. Mti wenye msumari, alama. Wanaume wazima wameacha mashamba yao yanaota magugu, wanazunguka porini na waganga na mashine za kutafutia madini. Sijawahi kuona hata mmoja aliyejenga nyumba kwa rupia hizo.

Nikamwambia hayo. Akatabasamu, akafungua mfuko, akatoa sahani.

"Tazama mwenyewe. Tumekuta nyingi, zimetawanywa porini kwa mpango. Na kila moja imetobolewa matundu. Fundi wetu anasema matundu ni ramani. Nimekuja nayo hii kwa sababu hapa Mikumi kuna wageni wa mbugani, wanapenda vitu vya kale. Tuwauzie hii wakati tunasubiri dhahabu yenyewe."

Ilikuwa sahani ya bati, ile ya rangi nyeupe ya kung'aa, imeliwa na kutu nusu yake. Ukingo wake wa kijani. Katikati ina matundu, yamepigwa kwa msumari kutoka upande wa ndani, mdomo wa kila tundu umechomoza nyuma.

Niliishika, nikapitisha kidole kwenye ule ukingo wa kijani.

Baba yetu alitoka Kigoma, aliletwa kukata mkonge, wale walioitwa manamba. Kambini kulikuwa na watu wa kila kabila, na kila kabila na mazishi yake, lakini jambo moja kambi nzima tulikuwa nalo. Mtu akifa, sahani aliyokuwa akilia inawekwa juu ya kaburi lake. Inatobolewa kwanza. Inatobolewa ili asije mtu akaichukua akaenda kulia chakula, na ili marehemu ajue kwamba kula kwa dunia hii kumekwisha, asirudi kudai. Misalaba ya miti ilioza, wengine hata msalaba hawakuwa nao. Sahani ndizo zilizobaki. Zilikuwa nyeupe zenye ukingo wa bluu, kwa sababu ndizo walizogawiwa wafanyakazi pamoja na posho.

Ya mama yetu tu ndiyo ilikuwa ya kijani. Baba aliinunua dukani Kimamba alipomuoa. Mama alipofariki nilimwona baba amechuchumaa nje ya nyumba, sahani kaiweka juu ya gogo, anapiga msumari kwa jiwe. Huyu mdogo wangu nilikuwa nimembeba mgongoni, ananyonya shingo yangu akitafuta ziwa.

Nikamuuliza, "Hii umeitoa wapi?"

"Si nimekwambia. Kule porini nyuma ya kambi."

"Na kaburi la mama liko wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani. "Kule kule nyuma ya kambi," akasema, polepole sana.

Tangu magoti yangu yaharibike na nihamie huku Mikumi kwa binti yangu, kila mwaka kabla ya mvua ninamuuliza mtu huyu, umelifyeka kaburi la mama? Nimefyeka, dada. Umeweka mawe? Nimeweka, dada. Ninamshukuru na kumuombea heri. Kumbe hakuwahi kufika. Kumbe alipokanyaga pale hakujua anakanyaga wapi. Mtu ana mvi kichwani na hajui alipolala mama yake, na siku anayofika anafika na sururu.

Nikaiweka sahani chini. Nikamwambia mjukuu anisaidie kusimama.

"Mmechimba?" nikauliza.

"Tumechimba, dada. Lakini si kote."

"Mmekuta nini?"

Akaanza kuukunja mfuko wake. Mjukuu ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Babu, mmekuta mifupa?"

"Fundi alisema ni ya watumwa. Kwamba Mjerumani aliwaua akawazika juu ya mali wailinde. Alisema tukiona mifupa tujue tumekaribia."

Alfajiri tulipanda basi la Kilosa, sisi watatu, na sikusema naye neno njia nzima. Tulipita kijiji kinachoitwa Ulaya, tukapita mashamba, mjukuu ameshika begi lake na ndani yake kuna mwiko mdogo kama wa fundi wa nyumba, brashi na chekeche. Nilimuuliza anapeleka wapi hivyo. Akasema, "Bibi, sahani imeshakuwa bubu. Lazima tutafute mahali pake."

Kutoka Kilosa tulichukua pikipiki mpaka kwenye shamba la zamani. Kambi haipo tena. Kuna kuta zilizobaki kufika magotini, mikonge michache iliyojiotea, na ng'ombe wa wafugaji wanapita. Mkuyu uliokuwa alama yangu umekatwa mkaa. Nilisimama pale nilipokuwa nikija kila mwaka na sikujua niangalie upande gani.

Kwa sababu mahali pale palikuwa kama nguruwe mwitu wamelala humo. Mashimo, mengine ya kiunoni, mengine ya kifuani, udongo umetupwa huku na huku. Makaratasi ya biskuti. Chupa za maji na chupa za pombe. Manyoya ya kuku na kitambaa cheusi na yai lililovunjika, kazi ya mganga wao. Shimo moja walikuwa wameligeuza choo. Naandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Walimtoa mtu alipolala, wakajisaidia pale alipolala.

Na juu ya malundo ya udongo, mifupa. Hakuna aliyeifunika hata na jani. Mfupa wa paja ulikuwa umesimamishwa umeegemea jiwe, na juu yake pameanikwa soksi ya mtu.

Vijana wanne walikuwa shimoni wanachimba. Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, alikaa fundi wao, mwanamume kutoka Morogoro, amevaa miwani nyeusi na buti za mvua wakati wa kiangazi, mashine yake imelala mapajani. Alinyanyuka kidogo.

"Shikamoo bi mkubwa. Karibu. Huyu ndiye dada yako, mzee? Umefanya vizuri kuja, bi mkubwa, wazee wana siri nyingi."

Sikuitika shikamoo yake. Kwetu hilo si jambo dogo, na vijana walioko shimoni walisimamisha majembe.

"Unatafuta nini hapa?" nikamuuliza.

"Bi mkubwa, Mjerumani alikuwa mjanja. Alizika akapanga sahani juu kama ramani. Mashine inalia kila penye sahani. Inalia mpaka inatetemeka."

"Inalia kwa sababu sahani ni ya bati."

"Siyo hivyo tu, bi mkubwa."

"Kambi hii imejengwa wakati wa Mwingereza. Baba yangu alisaidia kuezeka nyumba ya mwisho pale. Mjerumani alikuwa ameshaondoka siku nyingi. Alirudi akala ugali wa posho kwenye sahani za manamba, akazitoboa, akaondoka tena?"

Kijana mmoja shimoni akacheka, akajizuia.

"Mama yako amezikwa wapi?" nikamuuliza fundi.

"Kwetu, Turiani."

"Kaburi lake lina saruji?"

"Lina saruji na marumaru, bi mkubwa."

"Basi chukua mashine yako na vijana wako, twende Turiani tukaone Mjerumani ameweka nini chini ya marumaru."

Akavua miwani. Akaanza kusema kwamba mwenyekiti wa kijiji anajua, kwamba wametumia gharama, kwamba mimi ni mzee na wazee huchanganya mambo. Sikumsikiliza. Niliwageukia vijana nikawaambia wazi kwamba haya ni makaburi ya watu waliokata mkonge, kwamba sahani ni zao, na kwamba yule wanayemchimba sasa ana jina ingawa mimi sikumbuki ni nani. Yule aliyecheka alitoka shimoni kwanza. Akapangusa mikono kwenye suruali, akaitazama mikono, akaipangusa tena. Wenzake wakamfuata. Mmoja akamwambia fundi, "Wewe si ulisema watumwa?" Kama vile wangekuwa watumwa ingekuwa halali. Hilo nalo lilinichukiza, lakini siku ile machukizo yalikuwa mengi, huwezi kuyaokota yote.

Fundi alipoona amebaki peke yake alifunga mashine akaondoka, akiahidi kurudi na wakubwa. Hajarudi.

Sahani zilikuwa zimerundikwa chini ya mti mmoja wa mwiba, zote pamoja kama vyombo vinavyosubiri kuoshwa baada ya harusi. Nikamuuliza mdogo wangu, ile ya kijani mliiokota wapi?

"Dada, siku ya kwanza tuliziokota zote. Zilikuwa nyingi. Sikumbuki."

"Jaribu."

"Sikumbuki, dada."

Hapo ndipo niliogopa. Mpaka dakika ile nilikuwa na hasira, na hasira inamshika mtu asianguke. Lakini nilitazama mashimo yale nikajua kwamba huenda mama yangu yuko katika lundo lolote kati ya hayo, amechanganywa na watu asiowajua, na sitaweza kumtofautisha. Nitazika nani? Nitasimama wapi nikija?

Mjukuu akaniketisha kwenye kile kiti cha plastiki. Akasema, "Bibi, usiruhusu mtu atembee." Kisha akapiga magoti, akaanza kuparaza ardhi kwa mwiko wake, kidogo kidogo, kama mtu anayeondoa ukoko wa wali bila kukwaruza sufuria. Anaparaza, anapiga brashi, anatazama. Anasogea.

Baada ya muda akaniita. Ardhini kulikuwa na duara jekundu la kutu, kubwa sawa na sahani. Bati likikaa mahali pamoja miaka yote ile, alisema, linaacha kivuli chake kwenye udongo, hata likiondolewa. Ndani ya duara kulikuwa na vigamba vya rangi vilivyobanduka, vidogo kama maganda ya mtama. Vya bluu.

"Huyu siye," akasema. Akaweka jiwe, akaenda mbele.

Alipata duara jingine, bluu. Jingine, bluu. Jingine lilikuwa limekatwa karibu lote na shimo, halina hata kigamba. Jua lilipanda likatuchoma. Mdogo wangu alisimama pale nilipomwambia asimame, ameshika kofia. Nilimtazama mjukuu wangu, kichwa chini na visigino juu, chuo kikuu kizima kimepiga magoti kwenye vumbi la manamba, na sikumwambia tena habari ya sufuria.

Kisha akasema, "Bibi." Akanionyesha kwa ncha ya mwiko.

Duara lilikuwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa imeliwa na ukingo wa shimo. Na ndani ya ile nusu iliyobaki kulikuwa na vigamba vya kijani. Nilivitia kiganjani. Rangi ilikuwa bado mpya, kama ya siku ile aliyotusimulia baba, alipoileta imefungwa kwenye gazeti.

Alishuka shimoni, akaparaza ukuta wake, akaniita nione. Udongo wa kaburi hautulii kuwa kama wa jirani yake, alisema, ukishachimbwa mara moja unabaki umechanganyika. Nikauona kwa macho yangu, mkanda mweusi wenye madoa, umekatwa wima. Akaupima kwa mkono.

"Sahani iliwekwa kichwani au miguuni?"

"Miguuni," nikasema. "Kwetu ni miguuni. Mtu akiinuka aione."

"Basi hawakumfikia, bibi. Yupo. Wamekata upande wa miguu tu."

Mdogo wangu akasema, "Mungu mkubwa. Basi tufukie, dada, tumshukuru Mungu, twende nyumbani."

Nilimgeukia. "Miguu tu?" nikasema. "Miguu ya mama iko wapi?"

Akaigeuza kofia mkononi. Ilikuwa mbele yake, kwenye lile lundo la udongo.

Mimi ndiye niliyekuwa nimechukizwa na watu wa vitabu wanaookota mifupa. Nilishuka kwenye kile kiti nikakaa chini, miguu nimeinyoosha, nikaanza kuuchambua udongo wa lundo kwa mikono yangu. Mjukuu akaweka chekeche. Mifupa ya mguu ni midogo, mingine kama kokoto, mingine kama vifundo vya muwa, ukiipitia haraka unadhani ni mawe. Alinionyesha tofauti: mfupa ni mwepesi, na ukiugusa kwa ulimi unanata. Nilimwambia hilo la ulimi alifanye mwenyewe chuoni. Tukatandika kanga yangu, tukawa tunaweka kila tunachopata.

Nikamwambia mdogo wangu, "Kaa chini."

"Dada, mimi siwezi."

"Ulipokuwa unatafuta dhahabu uliweza. Kaa."

Akakaa. Alishika udongo kama unaunguza. Hata hivyo yeye ndiye aliyepata kisigino. Alikitoa, akakipangusa vumbi, akakigeuza, na sikuwahi kumwona mtu ametulia vile. Huyu mama hakumjua. Hana picha yake, hana sauti yake. Aliyembeba ni mimi. Aliwahi kuniambia, mimi mama yangu ni wewe, nikamkatalia, maana mimi nilikuwa mtoto nimekatishwa shule.

"Mbona kidogo hivi?" akauliza.

"Weka kwenye kanga."

Akaweka. Mchana ukageuka. Vijana watatu wa wale wachimbaji walikuwa hawajaondoka, wakauliza wafanye nini, mjukuu akawaonyesha jinsi ya kukusanya mifupa ya kila shimo peke yake, na kuirudisha katika shimo lake, bila kuchanganya. Wakafanya hivyo. Lile shimo walilolifanya choo nilimwambia aliyelichafua, simjui ni nani, ajijue mwenyewe, na mmoja akachukua koleo akaenda kulisafisha.

Jioni mjukuu alisema mifupa mingine midogo huoza kabisa, huenda iliyobaki haitapatikana, hii inatosha. Nikakubali. Magoti yangu yalikuwa yamekufa ganzi. Nikaanza kukunja kanga.

"Bado kuna udongo, dada," mdogo wangu akasema.

Alikuwa hajainua kichwa. Alikuwa ameshalimaliza lundo karibu lote, mikono imechubuka, anachota, anachekecha, anatazama. Nikamwambia tumechelewa. Akachota tena. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Alikuwa mfupi?"

"Nani?"

"Mama."

Miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza. Nilikuwa namwonea kinyaa, na naandika haya bado namwonea, akija ninampa chai kwa sababu ni damu yangu na mama ndivyo angetaka. Nilikaa tena chini.

"Alikuwa mfupi kuliko mimi," nikamwambia. "Viatu hakuwa navyo. Alikuwa na magaga makubwa kwenye visigino, mpaka alikuwa anayajaza mafuta ya mawese usiku. Lakini alikuwa mwepesi. Nikimfuata kisimani yeye anatembea, mimi nakimbia."

Akachota udongo mwingine, akautia kwenye chekeche.